Furushi la Safari: Si Kila cha Asili Kilicho Salama



Likizo za skuli zikaribiapo, nyumba nyingi za Waislamu huingia katika shughuli ya kufunga mizigo. Wako wanaokwenda kuwazuru jamaa zao bara au visiwani, wako vijana wanaokwenda kupiga kambi pamoja na walimu wao wa madrasa, na wako wazee wanaojitayarisha kwa Hija, ambayo nayo, tukiitazama kwa upande wa mwili, ni kambi kubwa: siku kadhaa katika mahema ya Mina. Katika kufunga mizigo hiyo, siku hizi limezuka neno moja linalopendwa na wanunuzi na wauzaji sawasawa. Neno hilo ni "asili". Sabuni ya asili, mafuta ya asili, dawa ya mbu ya asili, dawa ya tumbo ya asili. Mama huliona neno hilo juu ya kichupa, moyo wake ukatulia, akakitia katika mkoba wa mtoto bila ya kuuliza zaidi.

Ukurasa huu haukuja kuwakataza watu vitu vya asili. Vingi katika hivyo ni neema alizotuumbia Mwenyezi Mungu, na wazee wetu walisafiri navyo majini na nchi kavu, vikawafaa. Lakini tunataka kusema jambo moja, na tunaomba lishikwe vyema: neno "asili" hueleza kitu kimetoka wapi, halielezi kitu hicho kitamfanya nini mtu. Muhogo mchungu haukutiwa sumu kiwandani. Umeota shambani kwa mvua na jua, na kila mpishi wa pwani anajua kwamba usipotayarishwa ipasavyo, huua. Ikiwa twalijua hilo katika chakula chetu cha kila siku, kwa nini tunalisahau tunapokuwa mbele ya kichupa cha mafuta?

Na mahali pa kulikumbuka zaidi ni safarini. Nyumbani, mtoto akidhurika, jirani yuko, gari iko, na daktari hayuko mbali. Kambini usiku, penye giza na njia mbaya, kosa dogo huwa kubwa. Kwa hiyo kila kitu kinachoingia katika furushi na kiulizwe maswali matatu: Ni kitu gani hasa? Hutumiwa kwa kiasi gani? Na ni cha nani, mtu mzima au mtoto? Kisichojibika maswali hayo na kibaki nyumbani, hata kikiwa kimeandikwa "asili" kwa herufi za dhahabu.

MAJI KWANZA

Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, Aya ya 197, inawaamrisha mahujaji wachukue masurufu, wasitoke mikono mitupu, na inawakumbusha kuwa masurufu yaliyo bora ni kumcha Mungu. Na masurufu ya kwanza ya mwili ni maji.

Hapa ndipo neno "asili" linapowapotosha wengi. Maji ya kijito cha mlimani huonekana maangavu kama kioo, na vijana husema, "Haya ni maji safi ya asili." Lakini kuangaza kwa maji si usafi wake. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho. Basi maji na yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe. Yakishatokota kwa nguvu, dakika moja yatosha; na kambi ikiwa juu ya mlima uliopita meta 2,000, yaachwe dakika tatu, kwa sababu huko juu maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha.

Ikiwa kuni hazipatikani, jua laweza kufanya kazi. Tia maji yaliyo maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juani kwa muda wa saa sita kamili. Na ikiwa mawingu ni mengi, iache siku mbili mfululizo. Ama mbegu za mlonge zilizopondwa, ambazo wanawake wa Sudan kandokando ya mto Nile wamezitumia tangu zamani, hizo huyafanya matope yatue chini na maji yakaangaza. Ni elimu nzuri. Lakini haziui vijidudu vyote. Kwa hiyo maji yaliyosafishwa kwa mlonge bado yanahitaji kuchemshwa.

Wala pasiwe na israfu. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi mmoja, yaani maji ya kujaza viganja viwili vya mtu wa kadiri, kiasi ambacho hakifiki lita moja. Kijana anayefungulia bomba nyumbani mpaka maji yakafurika atajifunza Sunna hiyo kambini vizuri kuliko darasani. Na maji yakikosekana kabisa, Sharia imetupa tayamamu kwa udongo safi.

Na katika furushi la kila msafiri mwenye watoto pasikosekane sukari, chumvi na kijiko cha chai. Mtoto akiharisha, hatari kubwa ni kukaukiwa na maji mwilini. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe visiwe na kilima, kisha ukoroge. Anyweshwe kidogo kidogo na mara nyingi, hali mnamtafutia daktari. Na anayenyonya asiachishwe ziwa. Chumvi ikizidi hudhuru. Kwa hiyo kipimo na kishikwe barabara.

SABUNI, MSWAKI NA ADABU YA MAHALI

Kipande cha sabuni ya kawaida kilichofungwa katika kitambaa chatosha nyumba nzima. Hakimwagiki, na hakihitaji chupa. Anayekwenda Hija achague sabuni isiyo na manukato, kwa kuwa aliyekwisha hirimia amekatazwa manukato. Na hapa pia neno "asili" halimsaidii, kwani sabuni yenye mafuta ya karafuu au ya mchaichai ni ya asili, lakini inanukia.

Tena sabuni, hata ikiwa imetengenezwa kwa mafuta ya nazi matupu, si chakula cha samaki. Haifai kuogea wala kufulia ndani ya kijito. Teka maji, uende nayo mbali kiasi cha hatua 70 au 80, uoge huko, na maji machafu yanywewe na udongo. Choo nacho ni vivyo hivyo. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ameonya juu ya kujisaidia penye maji ya watu, njiani, na vivulini wanapopumzika watu. Basi wenye kupiga kambi na wachukue jembe dogo, wachimbe mbali na maji kishimo cha kina cha sentimita 15 au 20, kisha wakifukie. Hilo ni jambo la dini kabla ya kuwa jambo la afya.

Ama mswaki wa mti, hakuna chombo chepesi kuliko huo. Haudai maji mengi wala hauachi taka, nao ni Sunna. Kata ncha iliyokwisha chakaa, utafune mpya, ukauke mahali penye hewa, wala usiazimane na mwenzio. Dawa ya meno yenye floridi nayo ina faida yake dhidi ya kuoza kwa meno, hasa kwa watoto. Na kuutukuza mswaki hakulazimishi kuitupa.

HABARI YA MBU

Sasa tumefika penye hatari iliyo kubwa kuliko zote katika nchi zetu. Malaria bado huua, na wanaokufa kwa wingi ni watoto walio chini ya miaka mitano. Anayetoka katika mji wa juu wenye baridi kama Nairobi, akawapeleka watoto wake pwani au kandokando ya ziwa, anawapeleka kwa adui wasiyemzoea.

Wengi hubeba mafuta ya mchaichai, au vitawi vya kivumbasi, wakasema hivyo vyatosha. Harufu yake humchukiza mbu, ni kweli. Lakini mafuta ya mchaichai huruka upesi katika ngozi. Baada ya saa moja au mbili nguvu yake imekwisha, na mbu wa malaria huuma usiku kucha. Mzazi anayekataa chandarua chenye dawa kwa kuwa kina "kemikali", akamlaza mtoto kwa harufu ya majani, hakumkinga mtoto na sumu. Amemwacha wazi kwa maradhi.

Na tufikiri kidogo habari ya hizo "kemikali". Katika milima ya Kenya, Tanzania na Rwanda hulimwa pareto, ua jeupe lenye kuua wadudu. Ni mmea kabisa, na juu ya hayo ni sumu kwa mbu na kwa samaki pia. Wataalamu waliiga sumu ya ua hilo, wakatengeneza dawa zinazotiwa katika vyandarua. Kipimo chake kimechunguzwa hata mtoto mchanga akaweza kulala ndani ya chandarua hicho kwa salama. Ila kisifuliwe mtoni wala ziwani, kwa ajili ya samaki. Basi iko wapi mipaka baina ya asili na kiwanda? Mipaka ya maana ni baina ya kinachojulikana kipimo chake na kisichojulikana.

Kwa hiyo katika furushi chandarua na kitangulie, na nguo za mikono mirefu zifuate. Dawa ya kupaka iitwayo DEET, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946, madaktari wa watoto huko huiruhusu kwa mtoto aliyepita miezi miwili, isipakwe mikononi mwake, machoni wala mdomoni. Ama ile dawa itokayo katika mkaratusi wenye harufu ya ndimu, ambayo watu huitaja kuwa ni ya asili, hiyo hawapakwi watoto walio chini ya miaka mitatu. Tazameni: ya kiwandani imeruhusiwa kwa mdogo zaidi kuliko ya mti!

Na dawa ya mbu ya duara, ile inayowashwa ikatoa moshi, isiwashwe ndani ya hema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba duara moja likiungua lote hutoa chembechembe ndogo za moshi sawa na za sigara 75 hata 137. Na homa ikimshika mtu safarini au baada ya kurudi, apelekwe kupimwa damu mara moja. Chai ya majani ya pakanga isitegemewe: kweli dawa ya mseto ina asili yake katika mmea wa jamii hiyo, lakini ndani ya chai hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani, na Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa chai hiyo.

VICHUPA VYA NYUMBANI

Hebu tuvifungue vile vichupa ambavyo bibi hutia katika mkoba wa mjukuu kwa mapenzi yake yote.

Mafuta ya karafuu: tone moja juu ya pamba, likawekwa penye jino linalouma, humpa nafuu mtu mzima. Lakini mafuta hayo ni makali. Mtoto mdogo akiyanywa kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai, huweza kuzimia na ini lake likaharibika. Mambo hayo yamekwisha tokea na madaktari wameyaandika. Basi kichupa na kifungwe, kiandikwe jina, na kiwekwe mbali na mikono midogo.

Mafuta ya mwarobaini: mtoto mchanga asinyweshwe kamwe, hata matone. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kama dawa, wakapatwa na degedege na kuharibika ini na ubongo.

Asali: ni tiba na chakula, na heshima yake katika Qur'ani inajulikana. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe, kwa maana huenda ikawa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo changa haliwezi kukishinda, kikalegeza misuli yake hata pumzi. Asali haikupungua heshima yake kwa hilo. Mtoto ndiye bado mchanga.

Wanja: wanja mwingi unaouzwa madukani na mitaani umekutwa na madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila ya ishara ya kuonekana mwanzoni. Mtoto husugua jicho, kisha hutia mkono mdomoni. Usimpake mtoto wanja usioujua asili yake.

Ndimu: ni yenye manufaa katika chakula cha safarini. Lakini maji yake yakipakwa juu ya ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua, huweza kuleta malengelenge kama ya moto na madoa meusi ya kukaa muda mrefu. Aliyekamua ndimu na anawe kabla ya kutoka juani. Na mafuta ya nazi, ijapokuwa hulainisha ngozi, hayazuii jua vya kutosha. Kofia pana, nguo ndefu na kivuli ni bora. Na mwenye ualbino asitoke bila ya hivyo pamoja na mafuta maalumu ya kuzuia jua.

Iko Hadithi yenye maana kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kuwa na elimu ya tiba, yeye hubeba dhamana ya madhara atakayoleta. Na kanuni kubwa ya Sharia yetu ni kuondoa madhara. Mapenzi ya bibi hayatiliwi shaka. Lakini mapenzi hayabadili kipimo cha dawa.

MOTO NA HEMA

Hakuna kitu cha asili kuliko makaa ya kuni, wala hakuna harufu ya nyumbani kwetu kuliko udi na ubani. Lakini jiko la mkaa, au chetezo, kikiingizwa ndani ya hema au chumba kilichofungwa, makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Haimwamshi aliyelala, humzidishia usingizi, mpaka asiamke. Hata makaa yaliyokwisha acha kutoa moshi, yakawa mekundu tu, hutoa hewa hiyo. Baridi ikizidi, ongezeni mablanketi, wala msiingize jiko.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tuzime moto tunapolala, na aliyeko katika hema ana haja ya amri hiyo kuliko aliye katika nyumba ya mawe. Tarehe 15 Aprili 1997 moto ulizuka katika mahema ya Mina, ukasukumwa na upepo, wakafa mahujaji zaidi ya 300. Baada ya msiba huo serikali ya Saudia ilijenga mahema ya kitambaa kisichoshika moto upesi. Mahema yetu ya kambini hayana kinga hiyo. Kwa hiyo jiko na liwe nje, upande usiotoka upepo, na mwanga wa ndani uwe wa tochi.

VYOMBO VYA KUCHUKULIA

Jambo la mwisho ni vyombo vyenyewe. Kamwe msitie mafuta ya taa, wala dawa yoyote, katika chupa iliyokuwa ya soda. Mtoto mwenye kiu huijua chupa, hajui kilichomo. Kila kitu kikae katika chombo chake, kikiwa na jina lililoandikwa kwa wino usiofutika.

Na mwenye kuvuka mipaka ajue sheria. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019; na tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imekataza chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja katika mbuga na misitu yake ya hifadhi. Basi chupa ile ya kuanika maji juani na iwe ni ya kwenu ya kutumia tena na tena, mrudi nayo nyumbani. Na panapokatazwa, chemsheni tu. Kikapu cha ukindu, kitambaa cha kufungia mkate, bati la tende na karanga, na chupa ya bati ya maji: hivyo vilikuwa vyombo vya babu zetu, na leo sheria imeturudisha kwavyo. Hapo asili na salama vimekutana, na sisi twafurahi.

USIKU WA KUAMKIA SAFARI

Tunawapa wazazi shauri moja la kutenda. Usiku wa kuamkia safari, baada ya Sala ya Isha, tandikeni mkeka, mwage vyote vilivyomo katika furushi, na watoto wakae duara. Kila mmoja anyanyue kitu kimoja, aseme ni nini, ni kiasi gani, na ni cha nani. Kitakachokosa mwenye kukijibia kiwekwe kando. Mtaona mzigo umekuwa mwepesi, na vijana wamejifunza kuuliza kabla ya kumeza. Elimu hiyo itawafaa sokoni, dukani na majumbani mwao watakapokuwa na watoto wao, muda mrefu baada ya hema kukunjwa.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Na kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuondoi wajibu wa kufunga mzigo kwa akili. Twamwomba awatoe kwa salama na awarudishe kwa salama, na awahifadhi watoto wetu katika kila safari. Amin.

Wassalaam.